Je, Ugonjwa Una Kabila?

Corona ilipoingia mwaka 2020, maneno mawili yalipita mjini Tanga, na kila moja lilikuwa na watu wake. La kwanza lilisema ugonjwa huu ni wa Wazungu, mtu mweusi haumpati. La pili lilikuja na habari za redio kutoka ng'ambo: weusi wa Marekani na Uingereza wanakufa kuliko weupe, basi kumbe ngozi nyeusi ndiyo inayouvuta. Vijiwe vya kahawa vya Ngamiani vilibishana usiku kucha. Ubishi ule haujaisha, unabadilisha jina la ugonjwa tu. Utasikia sukari ni ya Wahindi. Busha ni la watu wa pwani. Selimundu ni ya ukoo fulani, msiwaoe wale. Presha ni ya wanawake kwa sababu wana mawazo mengi.

Kauli zote hizi zina kitu kimoja. Zinaanza na tofauti ambayo mara nyingi ipo kweli, kisha zinaibandika sababu isiyo yake. Ni kweli makundi ya watu hayaugui sawasawa wala hayafi sawasawa, na tofauti hizo zinapimika. Swali ni zinatoka wapi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Rangi ni namna jamii inavyowagawa watu kwa sura na asili ya mababu zao: mweusi, Mzungu, Mhindi, Mwarabu. Kabila ni watu wenye lugha, mila na historia moja, kama Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju wa huku kwetu. Jinsi ni maumbile, ya kike au ya kiume. Jinsia ni yale ambayo jamii inamtarajia mtu ayafanye kwa sababu ya maumbile hayo: nani apike, nani ashike fedha, nani aamue mgonjwa apelekwe hospitali leo au asubiri kesho. Na tunaposema hakuna usawa katika afya, tunazungumzia maradhi na vifo ambavyo vingezuilika, lakini vinaliangukia kundi moja kuliko jingine.

Kuhusu rangi, sayansi ya urithi imeshasema jambo la msingi. Binadamu wawili wowote duniani wanafanana vinasaba vyao kwa takribani asilimia 99.9. Hata ile tofauti ndogo inayobaki, uchunguzi wa mwaka 1972 wa mwanasayansi Richard Lewontin ulionyesha kwamba asilimia 85 hivi inapatikana kati ya watu wa kundi lile lile, si kati ya kundi na kundi. Waafrika ndio wanaotofautiana zaidi wao kwa wao kuliko watu wa bara lingine lolote. Kwa hiyo daktari anayejua tu kwamba mgonjwa wake ni "mweusi" anajua machache sana kuhusu mwili ulio mbele yake.

Sasa tuliangalie busha, maana hapa pwani ndilo somo zuri kuliko yote.

Mtu mzima wa Pangani, Mkinga au Tanga mjini hahitaji kuelezwa busha ni nini. Amemwona mzee wa jirani akivaa msuli mpana hata siku ambayo wenzake wamevaa suruali. Mzee huyo haendeshi tena baiskeli, katika mji ambao kila mtu anaendesha baiskeli. Hapandi tena mnazi. Sherehe anazihudhuria akiwa amekaa nyuma, na hainuki mpaka watu wamepungua. Ukiuliza sababu ya ugonjwa wake, utaambiwa ni madafu. Watu wa pwani wanakunywa madafu mengi, maji yanashuka, ndiyo busha hilo. Wengine watasema ni la ukoo, baba yake naye alikuwa nalo.

Dafu halina hatia. Mabusha tunayoyaona kwa wingi pwani, pamoja na matende ya miguu, yanaletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu. Mbu anamuuma mwenye minyoo, kisha anamuuma asiye nayo, na baada ya kuumwa mara nyingi kwa miaka mingi minyoo hukaa katika mishipa ya maji ya mwili na kuiharibu. Mijini, msambazaji mkubwa ni mbu yule anayezaliana kwenye vyoo vya shimo, makaro yaliyopasuka na mitaro ambayo maji yake yamesimama. Vijijini ni mbu wale wale wa malaria. Mtu wa Kigoma akihamia bondeni pwani akaishi huko miaka 20, minyoo haitamuuliza kabila. Mdigo aliyekulia juu Lushoto, kwenye baridi isiyopendwa na mbu, ana hatari ndogo mno. Na baba na mwana wote wawili wakiwa na busha, kabla ya kutaja damu, liangalieni choo walichokuwa wakikitumia.

Kuna jaribio moja lililofanyika Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, ambalo natamani lisimuliwe kila shule ya pwani. Watafiti walimwaga kwenye mashimo ya vyoo punje nyepesi za povu jeupe, lile linalofungiwa redio na televisheni mpya zisivunjike. Punje zile zikaelea, zikafunika maji, viluwiluwi vya mbu vikakosa pumzi. Wanakijiji nao walipewa dawa ya minyoo. Mbu walipungua sana na maambukizi yakashuka. Hakuna aliyeacha madafu. Baadaye Tanzania ilianza kugawa dawa za kumeza kwa jamii nzima katika maeneo yenye ugonjwa, ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka. Wale wanaozikwepa wakidhani zinalenga kuwapunguzia uzazi wanabaki na minyoo na kuendelea kuwaambukiza jirani zao kupitia mbu.

Tena katika busha hilo hilo utaona jinsi na jinsia zikifanya kazi mbili tofauti. Kwa maumbile, mwanamume ndiye anayepata busha. Mwanamke mwenye minyoo ile ile huathirika zaidi miguu. Hiyo ni jinsi. Lakini mwanamume kukaa na busha miaka 15 akiona aibu kulitaja, wakati upasuaji wake si mkubwa na mara nyingi mtu hurudi nyumbani upesi, hiyo ni jinsia. Tumemfundisha tangu utotoni kwamba mwanamume halii wala haonyeshi udhaifu, na funzo hilo linamgharimu kazi yake na heshima yake.

Selimundu, ambayo wengi wanaiita sikoseli, ni mfano mgumu zaidi kwa sababu hapa urithi upo kweli. Chembe nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, anapungukiwa damu mara kwa mara. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika ni watoto 11,000 hivi kwa mwaka. Mtu akisikia hivyo atasema, basi huu ni ugonjwa wa weusi.

Si hivyo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na malaria kwa maelfu ya miaka, waliobeba kinasaba hicho waliokoka utotoni, wakakua, wakazaa. Kwa hiyo kinasaba kilifuata mbu, hakikufuata rangi. Kipo Oman na mashariki ya Saudia, kipo India, kipo Ugiriki na Sisilia. Na kuna watu weusi ambao karibu hawana, hasa katika nyanda za juu na za baridi ambako malaria haikuwa tishio, na kusini mwa bara. Sisi wa Tanga tunaweza kulielewa hili kwa kupanda gari tu: ukitoka Muheza bondeni ukapanda Usambara mpaka Lushoto, malaria inapungua kadiri unavyopanda. Mgawanyo wa selimundu duniani ni ramani ya zamani ya malaria.

Hapa kuna dhuluma ambayo inaniuma. Mtoto hawezi kupata ugonjwa wa selimundu bila kurithi kinasaba kwa baba na kwa mama. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Lakini katika familia zetu lawama inakwenda upande mmoja. Mama ndiye mwenye damu mbaya, mama ndiye aliyeleta mkosi, ukoo wa mama una mashetani. Wapo wanaume walioacha nyumba kwa sababu hiyo, wakaoa kwingine huku wamebeba kinasaba kile kile. Mama akabaki na mtoto anayehitaji dawa, damu na nauli ya kliniki, bila kipato cha mume. Ugonjwa ulitoka kwa watu wawili. Umaskini uliofuata uliangukia mmoja.

Tukitoka kwenye magonjwa ya kurithi ya namna hii, ambayo ni machache, nguvu ya rangi kama maelezo inazidi kudhoofika. Chukua presha. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vya Marekani vilisema weusi wana presha kwa asili yao. Katika miaka ya 1990 watafiti wakapima watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika sehemu tatu. Kule Afrika Magharibi kwenyewe, Nigeria na Kameruni, waliokuwa na presha ni asilimia 16. Kwenye visiwa vya Karibiani walikuwa asilimia 26. Katika kitongoji cha Chicago, Marekani, asilimia 33. Asili ni moja, presha inapanda kadiri watu wanavyokuwa mbali na maisha ya mababu zao.

Fikiria watu wawili wanaotoka Pongwe kuja mjini kwa baiskeli. Mmoja hana kitu nyuma. Mwenzake amefunga magunia mawili ya nazi. Wa kwanza akifika mapema, hakuna Mtanga atakayesema kabila lake lina miguu mizuri. Ataangalia mzigo. Ndivyo watafiti wa afya wanavyoangalia chakula chenye chumvi nyingi, kazi isiyo na uhakika, nyumba iliyobanana, hofu ya polisi, na ubaguzi wa kila siku unaoufanya mwili ukae kama unaokimbizwa.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka 1997, wa watoto waliozaliwa katika jimbo la Illinois. Wanawake weusi waliozaliwa Afrika na kuhamia Marekani walijifungua watoto ambao uzito wao ulikaribiana na wa watoto wa Wamarekani weupe. Waliojifungua watoto wadogo zaidi ni wanawake weusi waliozaliwa na kukulia Marekani. Kama tatizo lingekuwa vinasaba vya Kiafrika, waliotoka Afrika moja kwa moja ndio wangeathirika kuliko wote.

Na ile corona? Takwimu za Uingereza na Wales za Mei 2020 zilionyesha weusi walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara 4 ya weupe wa umri wao. Wataalamu walipozingatia pia mahali watu wanapoishi, umaskini na mambo mengine ya namna hiyo, hatari ikashuka hadi mara 1.9 hivi. Sehemu kubwa ya pengo ilikuwa kwenye maisha: udereva wa basi, usafi wa hospitali, nyumba moja yenye vizazi vitatu, kazi ambayo huwezi kuifanya ukiwa umejifungia ndani. Kwetu nako, kilichotusaidia zaidi ni umri. Karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18, na corona iliwaua zaidi wazee.

Wapo watakaouliza, na sukari ya Wahindi je? Uchunguzi uliofanyika Dar es Salaam na vijijini katika miaka ya 1980 ulikuta kweli Watanzania wenye asili ya Kihindi wana kisukari kwa kiwango kikubwa, na Waafrika wa vijijini walikuwa chini ya asilimia 1. Lakini uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wazima. Vipimo hivi viwili havikufanywa kwa njia moja, ila pengo ni kubwa mno kupuuzwa, na miaka 30 haitoshi kubadilisha vinasaba vya taifa. Kilichobadilika ni soda, mafuta ya kupikia, bodaboda badala ya miguu, na kazi za kukaa. Aliyeamini sukari ni ya Wahindi hakupima, mpaka kidonda cha mguu kikakataa kupona.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani rangi na kabila havina maana yoyote katika afya. Vina maana kubwa, ila kwa njia ya maamuzi ya watu. Mji wa Tanga wenyewe ni ushahidi. Wakati wa Wajerumani, kisha Waingereza, mji uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa bahari, Bombo na Raskazone, penye upepo na nafasi. Waafrika walipangiwa Ngamiani, ng'ambo ya reli, viwanja vidogo, barabara za namba, nyumba zimesogeleana. Utawala wa kikoloni ulipenda kuutetea mgawanyo wa namna hiyo kwa sababu za afya, kwamba Wazungu wakae mbali na malaria ya wenyeji. Mfereji, bomba na taa za barabarani zilikwenda kwanza kule kwenye upepo. Kisha watu walioachwa bila mfereji wakaugua, na kuugua kwao kukachukuliwa kuwa ni hali yao ya asili.

Palikuwa na waliokataa. Bagamoyo, tajiri Sewa Haji Paroo alijenga shule na kuikabidhi kwa Wajerumani mwaka 1896 kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote. Aliacha pia fedha za hospitali, na wodi yenye jina lake ipo Muhimbili hadi leo.

Kwenye mashamba ya mkonge mgawanyo ulikwenda kwa kabila. Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao na hawakuitaka kazi ile kwa ujira ule. Wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali: Kigoma, Songea, hata Msumbiji. Kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na shirika maalumu la kuwakusanya, SILABU, na watu wale wakaitwa manamba. Waliishi kambini, mara nyingi bila familia, chumba kimoja watu wengi, posho ya unga, vumbi la mkonge kifuani. Kifua kikuu kikienea kwenye chumba cha namna hiyo, mpita njia ataona kabila. Mwenye kambi alijua idadi ya vitanda. Baadhi ya wajukuu wa manamba bado wanaishi katika kambi za Muheza na Korogwe, na jina la kabila la babu bado linatumika kuwatania kwamba wao ni wa kazi ngumu tu.

Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ilikuwa ya mwaka 1967. Naona uamuzi wa kuacha ulikuwa wa busara, maana takwimu za kabila zinageuka fimbo upesi. Tangu hapo tunapima afya kwa mkoa, kijiji na mji, elimu, utajiri na jinsi. Vipimo hivyo vinatosha kuonyesha kwamba mtoto wa kaya maskini anapungukiwa na chanjo, chakula na matibabu, awe Mzigua au Mpare.

Kinachobaki kikubwa kuliko vyote ni jinsia. Utafiti wa VVU wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta maambukizi kwa asilimia 5.6 ya wanawake na asilimia 3.0 ya wanaume. Maumbile yana sehemu yake, mwanamke huambukizwa kwa urahisi zaidi katika tendo la ndoa. Lakini binti wa miaka 19 anayelipiwa kodi na mwanamume wa miaka 40 hana nguvu ya kudai kondomu wala ya kuuliza majibu ya kipimo. Kwa upande wa kifua kikuu, duniani kote wagonjwa wengi ni wanaume watu wazima. Wanavuta sigara zaidi, wanafanya kazi kwenye vumbi, na wanafika hospitali wamechelewa kwa sababu kituo kinafungua saa ambazo wao wako kazini. Jinsia haimaanishi wanawake peke yao.

Niliwahi kumwona mama mjamzito akirudishwa kutoka kliniki yake ya kwanza kwa sababu hakuja na mume. Aliambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa mtaa kueleza mwenzake yuko wapi. Nia ilikuwa njema, kuwashirikisha akina baba wapime pamoja na wake zao. Lakini mume alikuwa baharini, mwenyekiti hakuwepo ofisini, na yule mama alikuwa ametembea na jua kichwani akiwa na mtoto mwingine mgongoni. Akakunja kadi yake na kuondoka. Wataalamu wa uzazi wanasema mama hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa akishafika. Huyu alicheleweshwa na utaratibu wenyewe.

Na vifo hivyo vinazuilika, jambo ambalo limeshathibitishwa hapa hapa nchini. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katikati ya tafiti hizo mbili, wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Wanawake ni wale wale, makabila ni yale yale. Wanaoendelea kujifungulia nyumbani wengi wako vijijini na katika kaya maskini zaidi, wanaosubiri mtu mwingine aseme nauli itatoka wapi.